Sura ya Tisa: Kichwa cha Mzee Kipara

Saa tatu asubuhi ya Ijumaa, Inspekta, mama wa makamo, alikuwa amekaa kwenye kiti cha mtu mwingine, mbele ya kompyuta ya mtu mwingine, akisoma orodha ya vichwa. Vilikuwa vichwa kumi na tisa, vyote vilivyopigwa picha Jumatatu, kila kimoja na jina la mwenyewe, saa yake na dakika yake. Mwenye kiti alikuwa mahabusu tangu jana mchana. Hospitali nzima ilimwita Mionzi, kwa sababu ndiyo kazi aliyoifanya kwa miaka kumi na sita: kuwalaza watu kwenye kitanda chembamba, kuwaambia wasitikisike, kutoka nje ya mlango mzito na kubonyeza kitufe.

Shauri lenyewe lilikuwa fupi. Jumatatu asubuhi mwalimu mstaafu aliteleza bafuni kwake, akagonga kichwa kwenye ukingo wa sinki, akaletwa hospitali akiwa bado anaongea. Saa nne na dakika kumi akapigwa picha ya kichwa. Damu ilikuwa imeanza kuvujia ndani ya fuvu, nyembamba kama kipande cha ukucha, na kazi ya kuiwahi damu ya namna hiyo ilikuwa ya Jicho.

Jicho si mtu. Ni programu ya akili mnemba iliyofungwa hospitalini hapo mwaka juzi. Husoma kila picha ya kichwa kabla daktari hajaifungua, na ikiona damu huipaka picha rangi nyekundu na kuipigia simu ya daktari bingwa wa ubongo hapo hapo. Jumatatu Jicho halikupiga simu. Daktari wa kusoma picha, ambaye huanza na zile nyekundu na kuziacha nyingine zingoje, aliifikia ya mwalimu saa kumi jioni. Saa kumi na moja mzee alikuwa chumba cha upasuaji. Jumatano alfajiri alifariki.

Mkuu wa kituo alishapata jibu lake. Wiki tatu kabla ya ajali, Mionzi aliandika kwenye kundi la simu la wafanyakazi: "Siku hilo Jicho lenu likikaa kimya, mtanikumbuka." Kumbukumbu za Jicho zilionyesha kwamba picha ya mwalimu haikusomwa kabisa. Na kompyuta iliyotumika ilikuwa wazi kwa neno la siri la Mionzi. Mtu anaogopa mashine itamnyang'anya kazi, anaizima kidogo ili ionekane haifai, mzee wa watu anakufa. Mkuu alipenda mashauri yanayojifunga yenyewe, na hili lilikuwa limejifunga hadi vifungo vya mikononi. Saa kumi jioni ya leo Mionzi angepelekwa mahakamani kwa kosa la kusababisha kifo.

Mionzi mwenyewe, tangu akamatwe, alikuwa ametoa maneno manne: "Andikeni mtakavyo, mimi nipo."

Hayo manne ndiyo yaliyomkera Inspekta. Katika miaka ishirini na saba ya kazi alikuwa amewaona wakosaji wanaonyamaza na wasio na kosa wanaonyamaza. Wale wa kwanza huomba wakili, wale wa pili huomba maji. Huyu hakuomba chochote, na alikuwa na mke na watoto wawili nyumbani.

Alifungua tena maelezo ya mlalamikaji, ambaye alikuwa binti wa marehemu. Binti alikuwa karani wa usajili hapo hapo hospitalini, na siku hiyo alikuwa zamu. Maelezo yake yaliandikwa na koplo mwenye mwandiko wa haraka: "Mtandao ulikuwa umeganda lakini nilihakikisha baba anapigwa picha mara moja. Nilimpeleka kwa mkono wangu, foleni hakupanga. Alinigombeza njiani kwamba wenzake walimtangulia na kwamba yeye amefundisha watoto kupanga foleni miaka thelathini. Nataka kujua ni nani aliyezima Jicho." Koplo alikuwa amepiga mstari chini ya sentensi ya mwisho, mara mbili.

*

Daktari bingwa wa ubongo alipatikana kwenye korido, akitembea haraka, na Inspekta akalazimika kumhoji akiwa mwendoni.

"Daktari, Jumatatu simu yako ililia mara ngapi?"

"Mara mbili. Saa tatu kasoro, na saa nane mchana. Zote damu kweli, zote nilizifungua, na wote wawili wako wodini wanalalamikia chakula."

"Na saa nne?"

Bingwa alipunguza mwendo. "Saa nne nilikuwa kantini, ghorofa moja chini ya yule mzee, nakunywa chai. Nilikunywa vikombe viwili, Inspekta, kwa sababu kulikuwa kimya. Angepigiwa simu huyo mtu, ningepanda ngazi kwa dakika mbili. Damu ile ukiiwahi unatoboa tundu, unaitoa, mgonjwa anakwenda nyumbani kugombana na wajukuu. Ukiichelewesha saa sita, ubongo umeshasukumwa pembeni, unabaki kujaribu tu."

"Jicho hukosea?"

"Kunyamazia damu? Sijawahi kuona. Kupiga kelele bure, hilo ndilo lililokuwa linanitoa roho. Kila siku saa kumi na mbili na nusu asubuhi simu inalia, damu! Naruka kitandani, mke wangu anaruka, tunagongana. Kumbe ni Mzee Kipara."

"Mgonjwa wako?"

Bingwa alicheka kwa mara ya kwanza. "Kichwa cha plastiki. Kabla wagonjwa hawajaingia, mashine hupimwa nacho kila asubuhi. Ndani yake wameweka kidonge kinachoonekana kwenye picha kama damu, ili wajue mashine inaona sawasawa. Wamemfungulia na faili lake kama mgonjwa: Mzee Kipara, umri miaka tisini na tisa. Nilipeleka malalamiko. Sasa ni miezi miwili nalala hadi saa moja."

Inspekta aliandika "Mzee Kipara, plastiki" kwenye daftari lake. Hakuwa na sababu maalumu. Aliandika kila kitu kwa sababu umri ulikuwa umeanza kumchezea shere kwenye mambo ya kukumbuka, na aibu ya kuuliza jambo moja mara mbili aliijua vizuri.

*

Fundi wa kompyuta wa hospitali alikuwa mtu wa kujikuna shingo. Aliingia chumba cha mashine, akavuta kiti, akajikuna, akafungua kumbukumbu za Jicho.

"Mkuu wangu wa kituo anasema Jicho lilizimwa," Inspekta alianza.

"Mkuu wako hajaniuliza. Tazama hapa. Saa nne na dakika mbili limesoma kichwa cha mtoto aliyeanguka kwenye bembea. Salama. Saa nne na dakika ishirini na tano limesoma cha mama mwenye shinikizo la damu. Salama. Kulizima na kuliwasha huchukua dakika arobaini, tena linaandika. Halikuzimwa."

"Lakini halikumsoma mwalimu."

"Limempita kama vile hakuwepo."

Nadharia ya mkuu wa kituo ikafa hapo, bila hata kupewa nafasi ya kujitetea. Inspekta alitoa karatasi aliyokuwa nayo tangu asubuhi, orodha ya vichwa kumi na tisa. "Hii imetoka wapi?"

"Kwenye mafaili ya hospitali. Hayo ndiyo majina ya wagonjwa waliopigwa picha siku hiyo."

"Na mashine yenyewe, hili lidude la mle ndani, halina orodha yake?"

"Linayo. Hakuna anayeisoma."

"Nitolee."

Karatasi ya pili ilitoka ikiwa ya moto. Inspekta aliziweka orodha mbili sambamba, akachukua kalamu, akaanza kufuta jina moja moja pande zote mbili, kama mtu anayehakiki mahudhurio. Mtoto wa bembea, yupo na yupo. Mama wa shinikizo, yupo na yupo. Alipomaliza, upande wa hospitali lilibaki jina moja: mwalimu, saa nne na dakika kumi. Upande wa mashine yalibaki mawili, na yote mawili yalikuwa jina moja. Mzee Kipara, saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Mzee Kipara, saa nne na dakika kumi.

"Mzee Kipara hupimwa mara ngapi kwa siku?"

"Mara moja tu. Asubuhi."

"Jumatatu alirudi saa nne. Labda kichwa kilimuuma."

Fundi hakucheka. Aliinama kwenye skrini, akashuka mistari, akasoma kwa sauti ndogo: picha zilipigwa kwenye faili la Mzee Kipara, saa sita kamili mchana zikahamishwa kwenye faili la mwalimu. Aliposimama wima, shingo yake ilikuwa nyekundu kwa kukunwa.

"Bingwa alipolalamika," Inspekta aliuliza, "ulifanya nini hasa?"

"Nilifanya nilivyoagizwa. Nililiambia Jicho: chochote kilichopigwa kwenye faili la Mzee Kipara, usikisome. Ni kichwa cha plastiki, Inspekta! Nani angefikiri..."

"Ulimwambia nani?"

"Aliyekuwa zamu. Mionzi. Nilimwambia mlangoni hapo, alikuwa anasukuma mgonjwa. Akasema sawa."

"Wengine?"

"Sikuona kama ni jambo la kubandika ukutani."

Inspekta aliziomba kumbukumbu zote za mashine kati ya saa nne na saa nne na robo, hata zile za kitanda. Fundi aliuliza kitanda kinahusikaje. Inspekta alisema hajui, ndiyo maana anakitaka.

*

Chumba cha mahojiano kilikuwa na meza iliyofungwa sakafuni na viti viwili ambavyo havikufungwa popote. Mionzi aliletwa saa nane mchana. Alikuwa mwanamume mpole, mwenye nywele za pembeni zilizoanza kuwa nyeupe, na alikaa akiitazama meza.

"Mzee Kipara anakusalimu," Inspekta alisema.

Mionzi aliinua macho. Ilikuwa mara ya kwanza tangu akamatwe.

"Nani mwingine anajua?" aliuliza.

"Mimi na fundi wa kompyuta. Nieleze mchezo wenyewe."

Alivuta pumzi. "Si mchezo. Ni namna tunavyofanya kazi. Mgonjwa hapigwi picha bila kusajiliwa, na mtandao wa usajili unaganda kila wiki. Mtu amelala hapo kichwa kimepasuka, wewe unatazama kiduara kinazunguka kwenye skrini. Utafanyaje? Faili la Mzee Kipara liko ndani ya mashine yenyewe, halihitaji mtandao. Tunafungua lile, tunapiga, mtandao ukirudi tunahamisha picha kwa mwenyewe. Tumefanya hivyo tangu Jicho halijazaliwa. Idara nzima. Makarani wanajua, manesi wanajua. Tumeokoa watu kwa njia hiyo, afande."

"Na ulipoambiwa kwamba Jicho halimsomi Kipara tena?"

"Niliitika. Nilikuwa nasukuma toroli. Ni kama mtu akikuambia taa ya barazani imeungua, unasema sawa, unaendelea na safari. Sikumwambia mtu. Baada ya siku mbili nilishasahau." Alijifuta uso kwa kiganja. "Jumatano waliposema Jicho halikusoma, nikakumbuka. Pale pale, nimesimama."

"Kwa hiyo Jumatatu ulifungua faili la Kipara, ukampiga mwalimu."

"Ndiyo. Mimi."

Jibu lilikuja haraka kupita yote yaliyotangulia, na Inspekta hakulipenda. Alitandaza karatasi ya fundi juu ya meza.

"Faili la Kipara lilifunguliwa saa nne na dakika nane, kwenye kibodi iliyo nje, nyuma ya kioo. Kitanda kilipandishwa saa nne na dakika nane, kwa kitufe kilicho ndani, pembeni ya mgonjwa. Kati ya hivyo viwili kuna mlango mzito wa madini ya risasi na hatua kama sita. Mikono yako ina urefu gani?"

Mionzi alirudisha macho mezani.

"Ulikuwa ndani unamlaza mzee. Mtu mwingine alikuwa kwenye kibodi yako. Ulipotoka ukakuta kila kitu tayari, ukabonyeza."

"Bila kusoma jina," alisema Mionzi. "Liandike hilo. Jina lilikuwa mbele yangu, herufi kubwa, na mimi ndiye pekee niliyeambiwa. Saa sita nikahamisha picha, nikaliona tena, bado sikukumbuka. Nifunge kwa hilo, sitakata rufaa."

"Nani alikuwa kwenye kibodi?"

"Inspekta. Mama. Nakuomba." Mtu mzima yule akaanza kulia bila kujificha. "Amemzika baba yake jana. Mwache amchukie mtu. Mwache anichukie mimi, nitaweza."

Inspekta alifunga daftari. Hakuhitaji tena jina. Lilikuwa kwenye maelezo ya mlalamikaji, mstari wa pili, pale ambapo koplo hakupiga mstari.

*

Mkuu wa kituo alipokea simu akiwa anatafuna.

"Jicho halikuzimwa, mzee. Ninayo kwa maandishi."

"Sasa nimpeleke nani mahakamani saa kumi?"

"Kuna kichwa cha plastiki, lakini hakina miguu."

"Usinitanie."

"Sikutanii. Hospitali ilikuwa na njia ya mkato, ikalizibia Jicho njia hiyo bila kuwaambia wanaoipita. Hilo ni jambo la bodi yao na la wakaguzi, na nitaliandika lote, kila jina na kila aliyeagiza. Si jambo la mtu mmoja kulala ndani."

Mkuu alinung'unika, akameza, akasema basi aandike haraka. Inspekta alikuwa bado ameshika simu pale binti wa marehemu alipobisha hodi na kuingia. Ilikuwa saa tisa na nusu. Alikuwa amekuja kuhakikisha kwamba mtu anapelekwa mahakamani, na alisema hivyo bila kuzunguka.

"Kaa, mwanangu," Inspekta alisema.

"Sikai. Niambie tu, amekubali?"

"Hakuna aliyezima Jicho."

"Haiwezekani."

"Nimeona mwenyewe. Lilikuwa linafanya kazi kabla ya baba yako na baada yake."

"Basi kwa nini lisimwone yeye? Lina nini na baba yangu?"

Inspekta alimwonea huruma. Angeweza kusema ni hitilafu. Binti angekwenda nyumbani akiilaani mashine, na mashine hazijali kulaaniwa. Lakini ripoti ingesomwa mbele ya bodi, na watu wa hospitali wana midomo. Angelisikia kwenye korido, kutoka kwa mtu asiyemtakia mema.

"Nisimulie tena asubuhi ile," alisema. "Polepole. Kuanzia toroli ilipofika."

Binti alikaa. Alisimulia vizuri, kwa mpangilio, kama karani. Baba alifika na jirani yake, ameshika taulo kichwani, anatania kwamba sinki limemshinda. Mtandao umeganda. Kwenye benchi la picha kulikuwa na watu watatu. Aliisukuma toroli akawapita, baba akagomba. Mionzi alimpokea mzee, akaingia naye ndani.

"Nikamwambia haraka, kaka, haraka. Yeye akawa anamlaza. Mimi nikakaa kwenye kompyuta, nikafungua kwa Mzee Kipara, ili akitoka abonyeze tu..."

"Kwa Mzee Kipara."

"Mtandao ukiganda tunatumia hilo. Kila mtu hutumia. Yule koplo hakuniuliza." Alimtazama Inspekta, akiwa bado hajaona ubaya. "Baadaye picha huhamishwa. Na Jicho linasoma kama kawaida, mbona hata kwa Mzee Kipara mwenyewe huwa linampigia Bingwa simu kila asubuhi, tunacheka..."

"Siku hizi halimpigii," alisema Inspekta. "Bingwa alilalamika. Ni miezi miwili."

Binti alifungua mdomo kuuliza kwa nini. Hakuuliza. Alikuwa mtu wa mafaili, na faili lile lilimfungukia lote kwa mara moja. Mikono yake, iliyokuwa juu ya meza, aliishusha chini polepole, akaificha mapajani.

Nje mtu alikuwa anajaribu kuwasha pikipiki isiyowaka.

"Mionzi anajua?" aliuliza.

"Anajua. Ameniomba nikwambie ni yeye."

Inspekta alipiga simu mahabusu. Baada ya dakika chache mlango ulifunguliwa, na Mionzi akasimama pale, viatu havina kamba, mkanda ameushika mkononi. Alimwona aliyekaa kwenye kiti, akaelewa, mabega yakamshuka.

"Pole, dada," alisema.

"Ungenifichaje, kaka? Mpaka lini?"

"Mpaka ungechoka kuuliza."

Binti alitikisa kichwa. Hakulia bado. Alivuta karatasi ya maelezo yake kutoka mbele ya Inspekta, akachukua kalamu, akatafuta nafasi chini ya sahihi yake ya kwanza, na kabla hajaandika akasema, bila kumtazama yeyote:

"Mtandao ulirudi saa nne na robo. Nilikuwa nimerudi dirishani kwangu, niliangalia saa. Wale watatu wa kwenye benchi niliwasajili mimi, kwa majina yao, na Jicho likawasoma wote."